Mwaka wa Vibaba vya Chokaa

Habari ya kifo cha Klemensi Mbonde nilipewa na mtu ambaye hakujua kama inanihusu. Nilikuwa kwenye benchi la hospitali ya Lindi nikisubiri vidonge vyangu vya presha, na mwanamume mmoja aliyemleta mkewe kutoka Kipatimu akawa analalamikia barabara ya kwao. Alisema imezidi kuharibika tangu alipofariki mzee wa barabara. "Mzee yupi?" nikamuuliza. "Mzee Mbonde. Tumemzika mwezi uliopita." Nikampa pole kama ambavyo ningempa mtu yeyote, nikachukua dawa zangu, nikarudi nyumbani. Mchana ule nilirudisha sahani bila kula. Mke wangu alidhani ni presha, nami nikamwacha adhani hivyo, maana katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumsimulia habari za Klemensi isipokuwa ile sehemu ambayo mimi napendeza.

Watu huniita Injinia mpaka leo, hata vijana wa bodaboda ambao hawajui daraja hata moja nililojenga. Nilistaafu zamani, lakini jina lilikataa kustaafu. Mtu akiniuliza uinjinia niliusomea wapi, huwa najibu Nairobi, na ni kweli, cheti kiko ukutani. Ila kilichonifikisha Nairobi ni mwaka mmoja niliokaa hapa hapa Lindi, enzi za Mwingereza, nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja mwenye suruali mbili na maneno mengi. Nimekuwa nikiuzungukazunguka mwaka huo kwa muda mrefu. Sasa mtu pekee aliyeushuhudia wote amezikwa, na sina tena kisingizio cha kuuzunguka.

Mwaka ule tulichukuliwa vijana kumi na wawili kufunzwa kazi ya barabara: kupima ardhi, kusoma ramani, kuchunguza udongo, kuandika ripoti. Darasa letu lilikuwa ghala la zamani la katani karibu na bandari. Paa lake lilikuwa la bati, kwa hiyo ikifika saa sita mchana mwalimu alikuwa anafundisha na sisi tunaokwa. Hata hivyo nililipenda ghala lile kuliko nyumba yoyote niliyowahi kuishi. Kulikuwa na ubao mweusi wenye ufa katikati, meza mbili ndefu, na mashine ya chuma ya kubana vitofali vya majaribio mpaka vipasuke, ambayo wiki ya kwanza hakuna aliyethubutu kuishika. Mwalimu wetu, Bwana Tarrant, alikuwa Mwingereza mrefu mwenye masikio mekundu, mtu wa haki lakini mkavu. Kila Alhamisi baada ya saa nane tulikuwa na mazungumzo: mtaalamu mgeni, au yeye mwenyewe, alisimama mbele na kutueleza utafiti wake, kwa nini daraja fulani lilianguka, kwa nini udongo wa mfinyanzi huvimba. Amri ilikuwa moja, kwamba asiyekuwa na swali hakusikia. Mimi niliuliza maswali mengi, mengine ili nionekane tu. Klemensi aliuliza mara chache, na alipouliza, mgeni alirudi ubaoni kufuta kitu.

Mimi na Klemensi tulipanga chumba kimoja nyumbani kwa Bi Zuhura, mjane wa Kilwa Kivinje aliyehamia Lindi kumfuata binti yake. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya kamba na dirisha moja la mbao lililotazama uani, na juu ya kitanda cha Klemensi palikuwa na msumari uliotundikwa rozari. Alitoka Kipatimu, huko milimani, akasoma shule ya misheni, na aliongea polepole kama mtu anayechagua mchele. Bi Zuhura alikuwa kinyume chake. Ujana wake wote aliumalizia sokoni akiuza mchele na kunde kwa kibaba, na sauti ya sokoni hakuiacha huko. Asubuhi alitupa mihogo ya kuchemsha na chai ya tangawizi, mchana wali na samaki wa nazi, na akiwa na furaha tulipata mkate wa kumimina. Ilipoingia Ramadhani nilidhani Klemensi atahangaika. Siku ya kwanza tu, adhuhuri, Bi Zuhura alimwita kutoka jikoni: "Klemensi, njoo ule, mwanangu. Aliyefunga ni mimi, wewe sijakufunga." Klemensi alikula ameupa ukuta uso ili asitutamanishe, na akaosha sahani mwenyewe. Bi Zuhura aliniambia baadaye, kwa sauti aliyodhani ni ya kunong'ona, kwamba yule kijana wa milimani ana adabu kunishinda.

Utafiti wa mwaka ule ulikuwa wa Bwana Tarrant. Barabara zetu zilikuwa za udongo mwekundu tu, na masika yakija zinakwenda na maji. Ya Kipatimu ilikuwa inakatika wiki kwa wiki, watu wanashusha mizigo kwa kichwa. Yeye aliamini kwamba udongo wa kijiji cha Mitole ukichanganywa na chokaa ya matumbawe inayochomwa Kilwa utastahimili maji. Tena alitaka njia ambayo jumbe yeyote wa kijiji angeweza kuifuata bila mizani, hivyo akaamua tupime kwa kibaba, kile cha mti cha sokoni. Kibaba kimoja cha chokaa kwa vibaba kumi vya udongo. Unachanganya, unashindilia kwenye kisanduku, unakiacha kitofali kikauke, unakilowesha, kisha unakipeleka kwenye mashine. Mimi nilipewa daftari. Klemensi alipewa kuchanganya na kuendesha mashine. Na kupima alipewa Bi Zuhura, aliyekuja ghalani kila asubuhi na kanga mbili na kibaba chake, kwa sababu Lindi nzima hapakuwa na mkono mwepesi kama wake. Vitofali vikatoka vigumu kupita matumaini ya kila mtu. Mwisho wa mwaka angekuja profesa kutoka chuo cha Nairobi kutusikiliza, kila mmoja na mazungumzo yake, na angemchagua mmoja wetu kwenda kusomea uinjinia. Nafasi ilikuwa moja. Niliitaka nafasi ile kwa namna ambayo sijawahi kutaka kitu tena, hata mke, na mke wangu akisoma hapa atanisamehe.

Alhamisi moja, baada ya mazungumzo, nilibaki nyuma ya pazia la magunia nikikunja ramani. Bwana Tarrant na mgeni wake walikuwa barazani wanakunywa chai. Mgeni aliuliza ni nani atakwenda Nairobi. "Ni wawili tu," alijibu Bwana Tarrant kwa Kiingereza chao. "Rashidi ni msemaji. Yule wa milimani ndiye mwenye kichwa." Mgeni akauliza kama angelazimika kuchagua leo, angemchagua nani. Bwana Tarrant akacheka kidogo. "Barabara haijengwi kwa maneno," alisema. Niliikunja ramani ile ile mara tatu. Sitalipamba jambo hili: nilichosikia kifuani kilikuwa wivu, na kilibaki hapo wakati wa chakula, nikila sahani moja na mtu niliyemwonea wivu huo.

Haikupita wiki, Klemensi alinikuta kisimani uani jioni, kabla ya magharibi, akaanza kunawa chokaa mikononi. "Rashidi, nina neno," alisema.

"Sema."

"Bi Zuhura anapima chokaa ya tele. Udongo anaupima mfuto."

Kwa asiyejua, kibaba cha mfuto ni kile unachopitisha kijiti juu ya mdomo wake, kinachozidi kikaanguka. Cha tele huachwa na kilima juu. Mpango wa Bwana Tarrant uliandika mfuto kwa vyote viwili. "Kwa hiyo chokaa inazidi," Klemensi aliendelea, "na daftari linasema haikuzidi. Mwambie wewe, kwa upole. Mimi siwezi kumsahihisha mama anayenipikia."

"Nyinyi mnapimia vikapu huko kwenu," nikamwambia. "Kibaba umekijulia wapi?"

Alitabasamu tu. "Macho ninayo."

"Bi Zuhura alianza kupima sisi hatujazaliwa," nikasema, nikaingia ndani. Kesho yake asubuhi nilitazama. Kilima kilikuwepo, cheupe, kimekaa vizuri juu ya kibaba, kama kilivyokuwa kila siku mbele ya macho yangu. Mimi ni mtoto wa pwani. Kwangu kibaba chenye kilima ndicho kibaba, na mfuto ni jambo la mtu mchoyo. Sikuwahi kukiona kwa sababu hapakuwa na cha kuona. Lakini asubuhi ile nilikiona. Nikaandika daftarini "chokaa, kibaba 1" kama kawaida, nikijiambia ni jambo dogo, na moyoni nikijua kwamba likiwa kubwa litakuwa jambo kubwa lililoonwa na Klemensi.

Muda si muda Bi Zuhura akaitwa Kivinje kumuuguza dada yake, akakaa huko zaidi ya mwezi. Kazi ya kupima akapewa Klemensi. Alipima kama mpango ulivyoandikwa, mfuto kwa mfuto, kijiti mkononi. Vitofali vyake vilipoloweshwa vikaanza kumomonyoka kwenye ndoo, na vilivyobaki vikapasuka mashine haijakaza. Bwana Tarrant aliikagua ile ndoo ya matope. Kisha akanigeukia mimi mwenye daftari. "Nini kimebadilika?" aliuliza. Nilikuwa na jibu lote mdomoni. Nikasema, "Mpimaji, Bwana." Halikuwa neno la uongo, na ndiyo maana limenikaa mpaka leo. Akamwuliza Klemensi alipimaje. "Kama ilivyoandikwa," alijibu Klemensi, akanitazama. Mimi nilikuwa ninachonga penseli.

Klemensi alitolewa ghalani akapelekwa kwenye kikosi cha kuvunja kokoto njia ya Mingoyo, na jina lake likafutwa kwenye orodha ya watakaozungumza mbele ya profesa. Alirudi kila jioni na vumbi mpaka kwenye kope, akanawa, akasali, akala. Hakuniuliza kitu. Nilingoja aniulize, nikatayarisha majibu ya ukali, hata nikakasirika kwamba hayatakiwi. Bi Zuhura aliporudi na vitofali vikawa vigumu tena, ghala zima liliafiki kwamba mzembe alijulikana. Yeye tu ndiye aliyeuliza, akitupakulia wali, kwa nini siku hizi hatucheki. Klemensi akamjibu kwamba kokoto zinachosha, mama.

Ningependa kuandika kwamba dhamiri ndiyo iliyonigeuza. Kwa kweli ilikuwa hofu. Wiki mbili kabla ya profesa kuja, Bwana Tarrant alitangaza kwamba ripoti itasambazwa wilaya zote za kusini na majumbe wataanza kujenga kwa kuifuata. Nililala nikiwaza majumbe hao wakipitisha vijiti vyao juu ya vibaba, mfuto kwa mfuto, na masika yakija barabara zinayeyuka kama vitofali vya Klemensi, na daftari lenye mwandiko wangu likiletwa mezani. Asubuhi nilimfuata Bi Zuhura jikoni kabla hajatoka. Nikamwuliza kwa nini chokaa huipima tele.

Aliniangalia kana kwamba nimemwuliza kwa nini anavaa nguo. "Chokaa si mmeinunua, mwanangu? Kitu cha kununua nikupimie mfuto, kwani nina ugomvi na wewe?"

"Na udongo, mama?"

"Udongo?" Aliweka mwiko chini. "Nani anauza udongo?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na katikati ya kicheko nikaona jinsi mazungumzo yangu yatakavyokuwa. Nilikuwa msemaji, Bwana Tarrant alishasema, na hadithi nzuri naijua nikiiona. Niliazima mizani ya duka la jirani, nikapima tele na mfuto, nikaandika tofauti yake, nikapiga hesabu upya. Ilionekana kwamba utafiti ulikuwa mzima kabisa. Ilitakiwa tu chokaa zaidi kuliko tulivyoandika. Nilifanya kazi ile kwa siku kumi, na ilikuwa kazi safi. Kwenye karatasi zangu zote jina la Klemensi nililiandika mara moja tu.

Siku ya profesa, ghala lilifagiliwa na viti vikaazimwa. Profesa alikuwa mzee mfupi mwenye miwani, msikivu sana. Vijana wote wa mafunzo waliitwa kusikiliza, hata walioko barabarani, na Klemensi akafika mimi nikiwa nimekwisha kusimama, akabaki mlangoni kwa sababu ya vumbi lake. Nilieleza udongo wa Mitole, chokaa ya Kilwa, mashine. Kisha nikaeleza soko, na adabu ya muuzaji, na kwa nini mwanamke muungwana hawezi kukupimia mfuto kitu ulichokinunua. Nilipofika kwenye "nani anauza udongo" walicheka wote, profesa akavua miwani kufuta macho, na hata masikio ya Bwana Tarrant yalizidi kuwa mekundu. Nikasema kwamba vitofali vya Klemensi Mbonde, vile vilivyolaumiwa, ndivyo pekee vilivyopimwa kama mpango ulivyotaka. Watu wakageuka kumtazama wakapiga makofi. Naye alipiga makofi, kunipigia mimi.

Bwana Tarrant akainua mkono. "Jambo hili uliligundua lini?" aliuliza. Alisema hivyo tu, bila hila. Mlango ulikuwa mbele yangu na Klemensi amesimama ndani yake. "Mwezi uliopita, Bwana," nikasema, "mama alipokuwa akitupimia mchele wa mchana." Uongo ulitoka laini, na ulipendeza kuliko ukweli, kwa sababu ulikuwa na chakula ndani yake. Profesa alinichagua jioni ile ile. Alisema ameshawaona vijana wengi wenye akili, lakini ni nadra kumpata mtu anayeweza kuona kosa lililojificha ndani ya mazoea yake mwenyewe. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Nilimshukuru.

Kazi ya Klemensi niliisafisha, na niliyoyaona kwa macho yake nikayafanya yangu. Hivyo ndivyo ninavyoweza kulisema sasa. Wakati ule niliona tu kwamba haki imetendeka, kwa sababu Bwana Tarrant alimwomba radhi mbele za watu, akamrudisha kwenye mafunzo na kumpa cheti chake. Siku ya safari yangu Klemensi alinibebea sanduku mpaka bandarini. "Umenisafishia jina, Rashidi," alisema. "Ahsante." Nikangoja aseme na lile jingine. Akaniuliza kama nimechukua sweta, kwani amesikia Nairobi kuna baridi.

Akawa msimamizi wa barabara ya Kipatimu, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu, na hata baada ya kustaafu alitoka na jembe kuzibua mitaro. Mimi nilirudi na cheti, nikapanda vyeo, na kila kazi iliponipitisha Kilwa nilikwenda kumwona. Barabara yake ilikuwa bora kuliko zangu nyingi. Tulikula kwake, tukazungumza habari za watoto na madaraja, na kama alikuwepo mgeni alinitambulisha kwa kusema, "Huyu ndiye aliyegundua habari ya tele." Alisema bila kejeli, nami niliuchunguza kila mara uso wake nikitafuta kejeli, nisiipate. Nilijiambia amesahau. Watu husahau mambo ya ujana, na wenye kazi nyingi husahau zaidi.

Masika yalipokwisha nilimwomba mjukuu wangu anipeleke Kipatimu kutoa pole. Njia ilitutupa huku na huku kutwa nzima, na kila shimo nilijua lingekuwa limezibwa kama Klemensi angekuwepo. Nilipokewa na Agnesi, binti mkubwa wa Klemensi, mwalimu mstaafu mwenye mwendo ule ule wa baba yake wa kuongea. "Shikamoo, baba mdogo," alisema. "Marahaba, mwanangu. Poleni sana." Akaniketisha barazani, akaniletea maji, akanieleza ugonjwa wa baba yake tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Nilimsikiliza. Alipomaliza nikamwambia mimi pia nina neno, nikalisema lote, kisima, kilima cha chokaa, penseli, mlango. Nilisema kwamba baba yake ndiye aliyeona, kwamba aliniambia na mimi nikanyamaza, na kwamba ile hadithi waliyolelewa nayo si ya kweli. Sauti yangu haikuwa ya msemaji.

Agnesi hakushtuka. Alipangusa mikono yake kwenye kanga. "Tunajua, baba mdogo. Alitusimulia tangu tukiwa wadogo."

"Mbona mbele yangu alisema vingine?"

"Alisema ni lako kulisema, sisi tusikuulize." Alitazama barabarani kidogo. "Kila ulipokuja, ukishaondoka, mama alikuwa akimwuliza, 'Amesema?' Naye hujibu, 'Bado.'"

Kabla ya siku ile nilikuwa nimekwenda Kipatimu mara saba.